Alisema Amechoka, Tukaandika Ana Hasira

Mwezi uliopita niliitwa kutafsiri kwenye semina ya siku mbili katika ukumbi wa jamii. Kichwa cha semina kiliandikwa kwa kalamu nyekundu kwenye karatasi kubwa ya ukutani: "Tabia za Kisaikolojia za Wanawake Wanaovunja Sheria." Chini yake mwezeshaji, kijana mpole mwenye shahada yake, akapanga maneno: hasira za ghafla, kutojithamini, wivu, kisasi, kushindwa kujizuia, majeraha ya utotoni. Kila neno alinigeukia niliseme kwa Kibembe, na mwenzangu aliseme kwa Kirundi. Wanawake kama ishirini walikaa kwenye mabenchi. Wanne kati yao wamewahi kufungwa, na hakuna mtu ukumbini ambaye hakuwajua hao wanne ni nani. Ilipofika saa ya soda na mandazi, mama mmoja wa zoni yetu akanivuta kando: "Sasa mwenye alikamatwa na kuni, ye tumutie fasi gani pale?"

Sikuwa na jibu. Kuni hazikuwemo kwenye karatasi.

Nimekuwa mkalimani hapa kambini miaka kumi na moja, kwa hela ya motisha ambayo kila mmoja wenu anajua inaishia wapi. Nimesimama kituo cha polisi, nimesimama mahakamani, nimesimama hospitali usiku PF3 ikijazwa. Wanawake wengi waliokamatwa kutoka kambi hii na hawakuwa na Kiswahili cha hapa, maneno yao yamepita mdomoni mwangu. Kwa hiyo ninapokataa ile karatasi ya ukutani siikatai kwa kuwa nimesoma kuliko yule kijana. Naikataa kwa kuwa nilikuwepo.

Na singeandika kama ingeishia kwenye karatasi. Siku ya pili ya semina tulitangaziwa kwamba mwanamke yeyote aliyewahi kufungwa akitaka kuingia kikundi cha sabuni au cha cherehani, atahojiwa kwanza kwa fomu. Maswali kumi na manne, kila jibu lina alama. Ukizidi alama fulani unasubiri, unapewa ushauri nasaha miezi sita, halafu ndipo watazame kama unafaa kupewa mtaji. Mwanamume aliyefungwa kwa kuiba sola ya shule hana fomu. Niliuliza. Nikaambiwa mradi huu ni wa wanawake.

Tuanze na kile wanawake wa hapa wanachokamatiwa, maana semina ya siku mbili haikupata nafasi ya kukisema.

Wanakamatwa na kuni. Mgao tunaopewa ni chakula kikavu: mahindi au unga, maharage au dengu, mafuta kidogo, chumvi. Maharage hayalainiki kwa maombi. Yanataka moto wa saa tatu, na miti iliyokuwa ndani ya kambi hii ilikwisha zamani, wengine tulipofika tulikuta visiki. Kuni ziko nje. Nje huendi bila kibali, ndivyo Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inavyotaka, mkimbizi akae eneo alilopangiwa. Basi mwanamke anapewa chakula kwa mkono mmoja, na ili akiive inabidi avunje sheria ya mkono wa pili. Akifanikiwa anaitwa mama mchapakazi. Asipofanikiwa anaitwa mhalifu, na sasa tunaambiwa ana shida ya kujizuia.

Kwa nini anakwenda yeye, si mumewe? Nitalisema ingawa halisemeki. Nimewahi kukaa kwenye familia nikasikia hesabu ikipigwa: baba akikutwa porini atapigwa hata kuuawa, mama akikutwa atafanyiwa kile kinachojulikana lakini atarudi. Hesabu hiyo ilipigwa kwa sauti ya kawaida, kama watu wanaopanga nani aende kuchota maji. Mama mwenyewe alikuwepo. Alikuwa anatafuta kamba ya kufungia mzigo.

Wanakamatwa na gongo. Kwa Warundi na kwetu Kivu wengi wanaiita kanyanga, wengine lutuku, lakini mbele ya hakimu ni gongo, na sheria inayoikataza ni ya mwaka 1966, ya zamani kuliko wengi wanaoshtakiwa kwayo. Angalieni kazi yenyewe ilivyo. Inafanyika nyumbani, kwa hiyo huachi watoto. Haitaki kibali cha kutoka. Haitaki cheti, wala lugha, wala mwanamume wa kukusemea. Inataka unga, chachu, pipa, bomba na moto, na mteja anakuja mwenyewe hadi mlangoni, wakati mwingine akiwa na sare, hilo tuliache. Nionyesheni kazi nyingine ndani ya uzio huu yenye sifa hizo zote, iliyo halali, nitaifunga kalamu.

Mwaka 2023 mgao ulishuka hadi nusu. Nusu ya chungu. Mwezi ule na iliyofuata sikuhitaji mtaalamu aniambie mitungi itaongezeka. Na ukitazama siku ambazo wanawake walikuwa wanaletwa kituoni kwa wizi mdogo, sahani, kitenge cha kwenye kamba, mihogo ya shamba la mwenyeji, nyingi zilikuwa za wiki ya mwisho kabla ya mgao. Wiki ya kwanza baada ya mgao nilikuwa nakaa nyumbani nikifua nguo. Sijui wivu gani na kisasi gani kinachofuata kalenda ya ghala.

Halafu yapo makosa mazito. Sitayaficha ili hoja yangu ipendeze. Wapo wanaojeruhi. Wapo waliotupa kichanga. Na yupo mama nitakayemwita Mama Neema, jina ambalo si lake, kwa kuwa deni langu kwake ndilo lililonikalisha hapa kuandika.

Mama Neema ana watoto watatu. Mumewe aliuza mgao, gunia zima likiwa bado halijafunguliwa, akanywa. Mwezi uliofuata akauza tena. Mwezi wa tatu Mama Neema alitangulia mwenyewe kwenye foleni, akabeba, akafika, akalala juu ya gunia. Mume alirudi usiku akaanza kulivuta. Akachukua mchi akampiga mkononi, mfupa ukavunjika. Mchi ule alikuwa anatwangia sombe. Sikumbuki silaha nyingine katika ile kesi.

Mahakamani anaulizwa kwa nini alimpiga mumewe. Mama Neema anasema Kibembe na Kiswahili chetu cha Fizi, ambacho hakimu wa huku anakisikia nusu. Akajibu: "Nilichoka." Hakimu akanitazama. Nikamuuliza tena kwa Kibembe, ulichoka nini? Akasema alichoka naye, alichoka na njaa ya watoto, alichoka kulala macho wazi. Alisema mengi, polepole, bila machozi. Hakimu alikuwa na kesi nyingine saba na saa sita ilikuwa imepita. Nikageuka nikasema: "Mheshimiwa, anasema alipandwa na hasira."

Mimi ndiye niliyesema. Hakuna aliyenilazimisha. Niliona mahakama inaelewa hasira, kuchoka haikuelewi. Niliona nafupisha, namsaidia. Karani akaandika. Miezi minane.

Neno hilo likaanza safari. Lilitoka kwenye mwenendo wa kesi likaingia kwenye faili la gereza. Alipotoka lilimfuata hadi kwenye dawati la ustawi. Kutoka hapo likafika kwa shirika, na shirika likaleta mtaalamu, na mtaalamu akaandika ukutani kwa kalamu nyekundu, neno la kwanza kabisa juu: hasira za ghafla. Nikasimama pale nikalitafsiri tena, kurudi kwa Kibembe, mbele yake yeye Mama Neema aliyekuwa benchi la tatu. Hakuniangalia. Mtu aliyevumilia hadi mwezi wa tatu akalala juu ya gunia, hasira yake ina ughafla gani?

Kijana mwezeshaji hakuyazua haya mwenyewe, na simlaumu peke yake. Mazoea haya yana wazee wake. Mwaka 1893 huko Italia daktari Cesare Lombroso na Guglielmo Ferrero, aliyekuja kuwa mkwewe baadaye, walitoa kitabu kizima kuhusu mwanamke mhalifu. Walikuwa wamepima mafuvu ya wanawake waliofungwa, mataya, meno, nywele. Wakasema mwanamke ni kiumbe ambaye hajakomaa kama mwanamume, ndiyo maana makosa yake ni machache. Lakini yule aliyezaliwa mhalifu, huyo ni mbaya kuwapita wanaume wote, ni jitu. Mwaka 1950 Otto Pollak huko Marekani akaja na jingine: wanawake hawafanyi makosa machache, ila wanajua kuyaficha, kwa kuwa maumbile yamewafundisha hila, na hila hiyo akaifungamanisha na mwili wenyewe, hata na kuficha hedhi. Mtu mzima, msomi, amekaa mezani anaandika hivyo.

Ukiwasoma hao wawili unaona wanapishana kwa kila kitu isipokuwa kimoja: wote wanamfungua mwanamke ndani kutafuta kosa lilipo, na hakuna anayemuuliza anadaiwa na nani. Karatasi yetu ya ukutani ni mjukuu wao. Imeoga, imevaa fulana ya mradi, ila sura ni ile ile.

Wapo walioangalia vizuri zaidi. Kathleen Daly, mwaka 1992, alichukua mafaili ya wanawake 40 waliohukumiwa katika mahakama ya New Haven, Marekani, akasoma maisha yao yalivyokwenda hadi pale. Alikuta njia zaidi ya moja. Wapo waliotoroka nyumbani wakaishi mtaani, wapo waliopigwa na wanaume wao hadi siku moja wakarudisha, wapo walioumizwa utotoni wakaja kuumiza wengine, wapo wa dawa za kulevya, na wapo ambao hawakuwa na historia yoyote ya kuumizwa: walitaka pesa. Hao wa mwisho ndio ninaowapenda, kwa maana ya kwamba wanaharibu mahubiri ya kila upande. New Haven si Kigoma, najua. Lakini yeye alianza na safari ya mtu, hakuanza na orodha ya hulka.

Sasa mtaniambia: lakini majeraha yapo. Yapo. Utafiti wa magereza katika nchi nyingi umeonyesha kwamba wanawake waliofungwa wamebeba historia ya kupigwa, ya kubakwa na ya msongo mkubwa wa mawazo kuliko wanaume waliofungwa. Sihitaji hata kufika huko. Nimetafsiri vikao vya ushauri nasaha, nimesikia mambo ambayo siwezi kuyaweka kwenye jarida ambalo watoto wanalisoma. Vikao vile vimesaidia watu. Yupo mama aliyekuwa haongei, sasa anauza nyanya na kugombana na wateja kama sisi sote. Msisome hapa kwamba nataka ushauri nasaha ufungwe.

Ninachokataa ni ile hatua ya pili, pale mnapovuka kutoka jeraha kwenda kosa kana kwamba kuna daraja. Chukueni wanawake wa zoni yoyote waliokuja kutoka Kivu ya Kusini, au wale waliovuka kutoka Burundi mwaka 2015. Mangapi hawajayaona? Kama jeraha ndilo linalozaa uhalifu, basi kambi nzima ingekuwa jela na askari wasingetosha. Walio wengi hawajaiba hata kijiko. Mlipoulizana kwa nini huyu alipika kanyanga na jirani yake hakupika, nilitaka kunyoosha mkono, mkalimani haruhusiwi. Jirani ana mtoto wa kiume Kasulu mjini anayemtumia hela kwa simu. Huyu hana. Mlikuwa mnatafuta kichwani kwake kitu kilichokuwa kwenye simu ya jirani.

Duniani kote wanawake ni kama 7 tu katika kila wafungwa 100, na sehemu kubwa ya makosa yao ni ya mali ndogo na ya biashara zilizokatazwa kuliko ya kumwaga damu. Mtu akitaka kujua ni kitu gani kinamzuia mwanamke asivunje sheria, angekuwa na watu wengi sana wa kuwauliza. Semina ya namna hiyo sijawahi kuitwa.

Na upande wetu? Ndugu zangu wakimbizi, msicheke wafanyakazi wa mashirika wanaposemwa. Sisi hatuna fomu, tuna midomo. Mwanamke akirudi kutoka gerezani, kwenye chumba cha maombi anaambiwa ana roho ya Yezebeli, anawekwa katikati, anasukumwa kichwa hadi aanguke. Mumewe akirudi kutoka gereza hilo hilo anachinjiwa kuku. Watoto wa Mama Neema walikaa miezi minane kwa jirani, na ndugu wa mume, ambao wako bloku ya pili tu, hawakupeleka hata kikombe cha unga, wakisema damu ya mama wao ni mbaya. Tofauti ya "damu mbaya" na "tabia za kisaikolojia" mnionyeshe nyinyi, mimi sijaiona. Zote mbili zinamaliza mazungumzo kabla gunia halijatajwa.

Kuna na kundi la tatu, nalo lina watu ninaowaheshimu, akina dada wanaotetea haki zetu. Wao kila mwanamke aliyekosa amesukumwa, hana mkono wake mwenyewe katika kosa. Nao nawakatalia. Eneo letu hili la Maziwa Makuu halina ruhusa ya kuamini hivyo. Pauline Nyiramasuhuko alikuwa waziri wa mambo ya familia na wanawake nchini Rwanda, na kazi aliyosomea mwanzo ni ustawi wa jamii. Mwaka 2011 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha, hapa hapa Tanzania, ilimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari na kwa ubakaji wa wanawake kama yeye, yeye pamoja na mwanawe. Alipewa kifungo cha maisha. Rufaa ya mwaka 2015 ikakifanya miaka 47. Palikuwa na watu waliokuwa wanasema mama hawezi kufanya hivyo. Kusema mama hawezi ni kumtukana mara ya pili yule mama aliyefanyiwa.

Mwanamke anaweza. Hiyo ndiyo heshima ninayoidai, hata ikiwa inauma: kwamba tukikosa, tuulizwe tulifanya nini na kwa nini, kama watu wenye akili, na jibu letu liandikwe kama tulivyolisema.

Hapa kambini mfano wetu ni mdogo, ila unafundisha. Yupo mama ninayemjua, simtaji hata kwa jina la uongo maana mngemjua. Anakopesha. Ukiishiwa unampelekea kadi yako ya chakula anaiweka, anakupa hela. Siku ya mgao mnakwenda naye, unapokea, yeye anachukua sehemu yake pale pale nje ya uzio, na deni linabaki vile vile. Nimewahi kuona kadi kumi na moja kwake, zimefungwa kwa mpira kama karata. Wanawake watatu ninaowajua walianza kupika gongo ili wagomboe kadi kutoka kwake. Wawili wamefungwa. Yeye hajawahi hata kuitwa.

Sasa mpeni huyo mama ile fomu yenu. Swali la sita: "Je, unapokasirika hushindwa kujizuia?" Hapana, hajawahi kupandisha sauti, anaongea kama mtu anayebembeleza mtoto. Swali la tisa: "Je, umewahi kumtakia mtu mabaya?" Hapana, anawaombea wadeni wake kila Jumapili. Swali la kumi na moja: "Je, unajiona mtu wa thamani?" Sana, na ana sababu. Atapata alama sifuri. Atapewa cherehani siku hiyo hiyo, na mtaji, na pengine uenyekiti wa kikundi.

Mama Neema je? Nilimsomea maswali nyumbani kwake, kwa hiari yake, tuone. La sita alinyamaza muda mrefu, akasema: "Niliisha kufungwa juu ya hiyo, niseme hapana waseme naongopa?" La tisa akasema ndiyo, alimtakia mumewe mabaya. La kumi na moja akaniuliza: "Samani ya feza ngapi?" Tukacheka sote wawili, kisha nikahesabu alama. Amezidi.

Fomu inayompitisha yule na kumzuia huyu inapima kitu gani? Inapima nani anajua kujibu. Inapima nani hakuwahi kupata mkalimani mwenye haraka.

Wafanyakazi wa mashirika mnapenda kuulizwa "chombo cha kimataifa kinasemaje", basi nawauliza. Mwaka 2010 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha Kanuni za Bangkok kuhusu wanawake wafungwa, kanuni 70. Ya 41 inataka mnapompima mwanamke hatari yake mzingatie kwamba kwa jumla wanawake wafungwa ni hatari ndogo kwa wengine. Ya 64 inataka mjamzito au mwenye watoto wanaomtegemea, pale inapowezekana, apewe adhabu isiyo ya kifungo. Ziliandikwa kwa ajili ya magereza na mahakama, sawa. Lakini itakuwaje gereza lidaiwe upole kuliko kikundi cha sabuni?

Mkisema lazima muwe na utaratibu, kwamba wafadhili wanataka kuona mtaji umekwenda kwa nani, nakubali. Mimi pia singependa sabuni yangu ya kikundi iuzwe na mtu mmoja ale peke yake. Ulizeni basi maswali yanayohusu mtaji. Una deni kwa nani? Kadi yako iko wapi, iko mkononi mwako? Nani anapokea mgao wa nyumba hii, na mwezi uliopita ulifika nyumbani? Kuni mnapata wapi, nani anakwenda? Ukiwa kikundini, mtoto mdogo anabaki na nani? Maswali matano. Mkinipa nafasi nitayatafsiri kwa Kibembe kizuri kabisa, na majibu yake yatawaonyesha nani ataanguka tena na lini, karibu kwa tarehe.

Na pesa za semina ya siku mbili, soda, mandazi, ukumbi, nauli ya mtaalamu, mtu angepeleka mahali pengine. Mwanamke anapokamatwa, siku ya kwanza ndiyo inayoamua. Dhamana inataka mdhamini anayejulikana, mwenye barua ya mtendaji wa kijiji chake, na mkimbizi atamtoa wapi? Anabaki mahabusu kwa kosa ambalo mwenyeji angelala kwake usiku huo. Faini ikitoka hana, anakwenda jela kwa kukosa hela na faili halisemi hivyo, linasema gongo. Watoto wanabaki, na kama aliyesajiliwa kupokea ni mama, jirani anayewalea anazunguka ofisi tatu kuomba chakula cha watoto waliomo kwenye kadi. Jirani wa Mama Neema alizunguka wiki tano. Mtu mmoja tu, mwenye pikipiki na simu yenye salio, anayekwenda kituoni siku ile ile na kurudi dawati la mgao siku ya pili, angefanya kazi ambayo kalamu nyekundu haitaifanya. Na awepo mkalimani anayelipwa kwa saa, si kwa kesi, asiwe na sababu ya kufupisha. Hilo la mwisho ni langu, nalisema kwa aibu.

Nimekwenda kuuliza kama mwenendo wa kesi ya Mama Neema unaweza kurekebishwa. Nimeambiwa kesi iliyokwisha imekwisha. Nimeandika barua kwa shirika kueleza kwamba neno "hasira" kwenye faili lake ni la kwangu, si lake, na kwamba alichosema ni hiki na hiki. Nimeweka sahihi na namba ya kadi yangu. Barua imepokelewa, imegongwa muhuri.

Mahojiano ya kwanza ni Alhamisi. Mama Neema ni wa nne kwenye orodha, na mkalimani aliyeandikwa ni mimi. Nimemwambia kijana wa semina kwamba nitafika, ila la sita na la tisa sitayatafsiri, na kwamba lolote atakalosema Mama Neema nitalisema lote, hata likichukua asubuhi nzima. Alinisikiliza vizuri, sitamsingizia. Akasema atauliza ofisini. Mpaka ninapopeleka karatasi hizi kwa mhariri hajanijibu, na mama ameniuliza mara mbili avae kitenge gani.